Njozi Yahitaji Kipimo

Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa mitaa, siku ya pili ya Jubilei



Jana tulishukuru. Tulitaja majina ya waliotutangulia, tukaimba, tukala pamoja, na wengi walisimama wakasema mambo wanayotamani kuyaona kabla ya jubilei nyingine. Mmoja alitaka kila mtaa uwe na kanisa la matofali. Mwingine alitaka zahanati iwe karibu, hata mama mjamzito asichukuliwe tena usiku juu ya baiskeli. Kijana mmoja alisema ataka kuwa mwuguzi, na mwenzake ataka kuwa padre. Mama mmoja alitaka watoto wake wote wasome, wa kike na wa kiume. Hayo yote ni mema, wala hatukusikia hata neno moja la kuchekwa. Lakini nyimbo zimekwisha, na kesho kila mtu atarudi kwake. Basi tumepewa kazi ya kusema juu ya jambo moja tu: njozi ya mtu yageukaje kuwa kazi iwezayo kufanyika?

Hatuulizi hayo kwa kupenda maneno. Twauliza kwa sababu kila mmoja wetu apajua mahali fulani ambapo msingi ulichimbwa kwa shangwe, mawe yakapangwa, watu wakapiga vigelegele, na leo majani yameota mpaka kiunoni. Msingi wa namna hiyo haunyamazi. Kila siku wasema na wapitao njiani. Watoto wauona wakienda shule, nao wajifunza kwamba ahadi za wakubwa ni upepo. Na mtu aliyeona ahadi nyingi zikifa, mwisho huogopa hata kutamani lililo jema. Fedha iliyopotea yaweza kupatikana tena. Moyo uliokata tamaa ni vigumu kuurudisha. Hiyo ndiyo hasara tunayotaka kuizuia leo.

Bwana wetu aliijua hasara hiyo. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, ambaye imempasa aketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza, na watu wakamcheka. Angalieni, ndugu zetu, Bwana hakumkemea mtu yule kwa kutaka mnara. Wala hakumwambia ajenge kibanda badala yake. Alimtaka aketi. Kati ya kutaka na kujenga pana kiti, na kwenye kiti hicho mtu hupima. Wengi wetu twaruka kile kiti.

Tazameni tena habari za Nehemia. Aliposikia ya kuwa kuta za Yerusalemu zimebomoka alilia, akafunga, akaomba siku nyingi. Hiyo ndiyo njozi, nayo ilianza kwa machozi, kama njozi nyingi zilizo za kweli. Lakini siku ile mfalme alipomwuliza ataka nini, hakujibu kwa machozi tu. Jibu lilikuwa tayari moyoni. Alitaja muda wa safari yake. Aliomba barua za kupita katika nchi za maliwali. Aliomba miti kwa mlinzi wa msitu wa mfalme. Alipofika Yerusalemu alitoka usiku pamoja na watu wachache, akakagua kuta kwa macho yake mwenyewe kabla hajamwambia mtu neno. Kisha ukuta ukagawanywa, watu hawa kipande hiki, na watu wale kipande kile, na wengi wakajenga mahali palipoelekea nyumba zao wenyewe. Ukuta ukatimia kwa siku 52. Kazi iliyokuwa ya kutisha ilipokuwa moja, ilipungua kutisha ilipokuwa vipande.

Labda mtu atasema, hayo ni ya kale na ya nchi ya mbali. Basi na tuje kwetu, tutazame jinsi Kanisa lenyewe lilivyofika katika nchi hizi, maana habari hiyo ni funzo kamili la jambo hili, kwa upande wa kushindwa na kwa upande wa kufaulu.

Tarehe 4 Desemba, mwaka 1857, David Livingstone alisimama mbele ya watu wa chuo cha Cambridge, huko Uingereza. Aliwaambia habari za Afrika na za biashara ya watumwa, akawasihi wasiache njia aliyoifungua ikafungwa tena. Maneno yake yaliwachoma mioyo, na kwa ajili yake ikaanzishwa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo wengi wetu ni watoto wake. Njozi yao ilikuwa kubwa: kuifikia nchi ya Ziwa Nyasa, kulipanda Kanisa huko, na kuikomesha biashara ya kuuza wanadamu.

Nani atasema kwamba njozi ile haikutoka kwa Mungu? Hata hivyo mwanzo wake ulikuwa wa huzuni. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, aliwekwa wakfu Cape Town tarehe 1 Januari, 1861, na mwaka huo huo akafika Magomero, katika milima iliyo karibu na mto Shire. Hawakuwa na lugha ya watu. Njia ya kupata chakula na dawa ilikuwa ndefu, nayo ilitegemea mto. Mara wakakutana na misafara ya watumwa, wakawafungua waliofungwa, wakajikuta wana mji wa watu wa kulisha na vita vya kupigana, kabla hawajajenga lolote la kudumu. Mwezi wa Januari, 1862, mtumbwi wa Askofu ulipinduka mtoni na dawa zikapotea. Homa ikamshika, na tarehe 31 ya mwezi ule akafa. Hakutimiza hata mwaka mmoja na nusu katika uaskofu wake. Hatumhukumu mtu aliyetoa uhai wake. Twasema tu kwamba upendo mkuu na ushujaa mkuu havikuweza kushika mahali pa kipimo.

Askofu wa pili, William Tozer, aliyewekwa wakfu mwaka 1863, aliona hayo, akafanya neno lililowachukiza wengi. Aliihamisha Misheni, na mwaka 1864 akafika Unguja pamoja na padre mmoja jina lake Edward Steere. Livingstone mwenyewe alihuzunika sana, akaona kama njozi imeachwa. Maana Unguja iko mbali na Nyasa, nayo ni kisiwa, na soko la watumwa lilikuwa pale pale mjini. Lakini haikuachwa. Ilitafutiwa mwanzo unaowezekana. Walichoanza nacho kilikuwa kidogo mno: wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, ambao Seyid Majid aliwapa wawalee. Njozi ya kulifikia ziwa kubwa ikawa, kwa siku zile, kuwafundisha watoto watano.

Hapo twapata neno la kwanza. Mwenye njozi hana budi kukata kipande kinachoenea mikononi mwake leo. Wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo. Gogo halibebwi lote kwa siku moja, wala halikatwi kwa kulitazama.

Sasa mtazameni Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa tatu, mwaka 1874. Yeye alijiuliza: katika mambo yote yanayotakiwa, ni lipi ambalo yote mengine yalingoja? Akaona ni lugha. Mtu hawezi kuhubiri, wala kufundisha, wala kutengeneza kitabu cha sala, wala kumlea mwalimu wa nchi, asipokuwa na maneno. Wengine walikuwa wamekwisha kuanza: Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa ametoa kitabu cha sarufi mwaka 1850. Steere alishika hapo. Alikaa na watu wa Unguja, waungwana na watoto, akasikiliza hadithi zao na kuziandika, akauliza neno kwa neno. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha kujifunzia Kiswahili, na mwaka huo huo kitabu cha hadithi za Unguja kama zilivyosimuliwa na wenyeji. Tena alikuwa na mtambo mdogo wa kupiga chapa, na vijana wa Misheni wakafundishwa kupanga herufi, hata karatasi za masomo zikatoka katika mikono ya wale wale waliokuwa wametolewa majahazini.

Hakungoja mpaka Biblia yote imalizike ndipo awape watu cha kusoma. Alitoa sehemu kwa sehemu. Alipofariki mwaka 1882 hakuwa ameona kitabu kizima. Agano Jipya lilipigwa chapa mwaka 1883, na wengine wakaendelea mpaka Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ikatoka mwaka 1891. Kila sehemu ilikuwa na faida yake siku ile ile ilipotoka. Hili nalo ni neno la kushika: kata kazi yako kwa namna ambayo kila kipande kikimalizika kiwe na faida, hata kama kesho hupati nguvu ya kuendelea. Anayejenga nyumba ya vyumba vinne kwa fedha kidogo, na amalize chumba kimoja, akiezeke, aingie, kisha aongeze. Asiinue kuta nne mpaka kwenye lenta na kuziacha zinyeshewe miaka kumi.

Neno la pili twalipata katika kanisa kuu la Unguja. Mwezi wa Juni, mwaka 1873, Seyid Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga masoko ya watumwa. Na hata hapo, ndugu, tazameni kazi ya kipande: utumwa wenyewe haukuondolewa Unguja ila mwaka 1897. Lakini soko lilifungwa, na kiwanja kikapatikana kwa ajili ya Misheni. Watu wengi wangeridhika kusimamisha msalaba na kutoa hotuba. Steere alianza kuhubiri pale pale katika banda la udongo lililoezekwa kwa makuti, na Siku ya Krismasi, mwaka 1873, jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Siku ya Krismasi, mwaka 1879, watu walisali ndani yake. Miaka sita kamili.

Mwajua lilijengwa kwa nini? Kwa mawe ya matumbawe ya nchi ile ile, na paa lake ni kuba ndefu ya mawe hayo yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji. Mafundi walikuwa wenyeji, nao hawakuwa wamejenga paa la namna ile. Wengi walitabiri litaanguka siku ile miti ya kulishikilia itakapoondolewa. Askofu hakuwajibu kwa maneno. Alipima, akasimamia kazi mwenyewe, na miti ilipoondolewa paa lilisimama, nalo limesimama mpaka leo. Inasimuliwa hata leo kwamba siku moja alipokuwa hayupo mafundi walizisimamisha baadhi ya nguzo juu chini. Nguzo zile hazikubomolewa. Kazi iliendelea, na wageni huonyeshwa nguzo hizo hata sasa, wala hakuna asemaye kwamba kanisa lile si kanisa.

Basi neno la pili ni hili: shabaha iwe na siku yake, iwe na vifaa vilivyo karibu, wala isingoje ukamilifu. Mwenye bunduki hulenga kitu kimoja kilicho mahali pamoja. Asemaye, "Nitapiga mwitu mzima," harudi na nyama. Mtu akisema, "Nataka kumtumikia Mungu zaidi," amesema neno jema lakini hajalenga kitu. Akisema, "Tangu Jumapili ijayo mpaka Pasaka nitawafundisha watoto sita wa jirani kusoma, siku ya Jumamosi, chini ya mwembe wetu," huyo amelenga. Pasaka ikifika atajua kama amepiga au amekosa, na jirani zake watajua pia.

Neno la tatu tunalipata katika safari. Steere hakuwa ameisahau Nyasa. Mwaka 1875 alikwenda bara mpaka Mwembe, mji wa Mataka, mkuu wa Wayao, ili aione njia kwa macho yake, kama Nehemia alivyokagua kuta. Mwaka uliofuata, 1876, alitoka tena Unguja pamoja na watu zaidi ya 50, waume kwa wake, waliokuwa wamefunguliwa utumwani na kutaka kurudi bara kwenye nchi zao. Kusudi lao lilikuwa kwenda mbele zaidi. Lakini walipofika Masasi waliiona nchi nzuri, ina maji na miamba mikubwa, na watu wakaona hapa pafaa kukaa. Askofu angaliweza kuwalazimisha waende mpaka mwisho wa njozi yake. Hakufanya hivyo. Alipima nguvu za watu na urefu wa njia, akakubali Masasi iwe kituo cha katikati. Leo wengi wetu tusingekuwa hapa kama Askofu yule asingekubali kusimama katikati ya njia.

Lakini kusimama katikati si kulala. Mwaka 1882 Masasi ilishambuliwa na Magwangwara. Watu waliuawa na wengine wakachukuliwa mateka. Wamisheni na Wakristo wakahamia Newala kwa muda, na baadaye Masasi ikajengwa tena. Na mwaka 1885 Misheni ilisimama katika kisiwa cha Likoma, ndani ya Ziwa Nyasa lenyewe. Hesabuni: tangu maneno ya Cambridge mpaka Likoma ni miaka 28. Mackenzie alikuwa amekufa, Livingstone amekufa, Steere amekufa. Njozi ilifika, lakini ilipita kwa njia ya kuzunguka: Unguja kwanza, kisha kitabu, kisha kanisa, kisha Masasi, kisha ziwa. Kila kimoja kilikuwa shabaha ya watu fulani, na kila kimoja kikawa ngazi ya kilichofuata.

Na neno la nne, ambalo pengine ni kubwa kuliko yote: waliofaulu hawakuiweka kazi mikononi mwa mtu mmoja. Miongoni mwa wale wavulana watano wa kwanza alikuwamo John Swedi, ambaye mwaka 1879 aliwekwa kuwa shemasi. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, ambaye naye alitolewa utumwani angali mtoto, alipewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika Misheni ile. Alikuwa amekwisha kufanya kazi Chitangali, katika nchi za Ruvuma. Ndipo twaona faida ya kile kipande kidogo cha mwaka 1864. Yule aliyeona watoto watano na kusema, "Hii si kazi, sisi tulikuja kwa ajili ya ziwa," angaliikosa njia yenyewe ya kulifikia ziwa. Kufundisha watoto wale hakukuwa kuchelewesha njozi. Kulikuwa ndiyo njozi, imevaa nguo za siku moja.

Sasa na tushuke kwetu. Tutaje mawili tu kati ya yale yaliyosemwa jana, tuone jinsi ya kuyapima.

Kanisa la matofali. Tuseme, kwa mfano, mafundi wamehesabu kwamba kuta zahitaji matofali 6,000, na parokia ina mitaa 12. Hesabu hiyo ikitajwa kanisani mara moja, watu huinamisha vichwa, maana 6,000 ni neno zito. Lakini kila mtaa ukichukua 500, na kazi ikafanywa majuma 10 ya kiangazi, kila mtaa wafyatua 50 kwa juma. Matofali 50 ni asubuhi moja ya vijana sita na maji ya akina mama. Basi kiandikwe: mtaa gani, nani msimamizi, udongo watoka wapi, kalibu ni ya nani, kuni za kuchomea zitakatwa lini, na kalibu itapita kwa nani baadaye. Na kwa kuwa wengi wetu twapata fedha wakati wa korosho, saruji na mabati yapangwe kwa majira hayo, wala si kwa mwezi wa njaa, wakati watu wanaponunua unga. Mvua ikinyesha juu ya matofali mabichi, isisemwe kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mungu alitupa kiangazi.

Tena kijana atakaye kuwa mwuguzi. Huyu anayo njozi, na njozi yake ni ya huruma, kwa maana alimwona mama yake akiugua. Lakini akiibeba tu moyoni, itamlemea. Na aulize kwanza, kwa mwuguzi aliye karibu na kwa mwalimu wake: chuo kinataka masomo gani, na alama gani? Akiambiwa kwamba hana budi kufaulu katika biolojia na kemia, basi shabaha yake ya mwaka huu haiitwi uuguzi. Inaitwa kemia. Na shabaha ya juma hili ni sura moja ya kemia, saa moja kila usiku, na rafiki mmoja wa kuulizana maswali. Ada nayo ihesabiwe mapema, pamoja na baba na mama na mjomba, mbele ya kitabu cha hesabu, na ijulikane nani atatoa nini na mwezi gani. Wazazi wengi huona haya kumwonyesha mtoto hesabu ya nyumba. Lakini mtoto ajuaye kwamba ada yake ya muhula ni mbuzi wawili na magunia matatu ya korosho, husoma kwa namna nyingine.

Na kama asipofaulu mara ya kwanza? Basi na akumbuke Masasi. Palishambuliwa, wakahama, wakarudi. Shabaha ikikoswa yapimwa upya; huenda muda ulikuwa mfupi, huenda kipande kilikuwa kikubwa mno, huenda kuna kituo cha katikati alichotakiwa kukipitia. Kubadili njia si kuikana njozi.

Wako watakaotuambia: "Je, kuhesabu hivi si kupunguza imani? Mungu aweza yote." Twajibu: Mungu aweza yote, nasi hatuwezi yote, kwa hiyo kupima ni kazi yetu, si yake. Mkulima hupanda kwa mistari, huhesabu mbegu, hutazama mawingu, na baada ya hayo yote bado hawezi kuotesha hata punje moja. Kipimo hakimwondoi Mungu shambani. Kinamwondoa mvivu. Tena kupima kwatufundisha unyenyekevu, kwa maana mtu akiandika yale awezayo kufanya mwaka huu, huona karatasi ni fupi kuliko maneno yake.

Wako na wengine wenye hatari iliyo kinyume. Hao hupima vizuri, huandika vizuri, hutimiza kila kipande, na mwisho husahau kwa nini walianza. Huwa na matofali na hesabu, lakini hawana tena machozi ya Nehemia. Kwa hiyo njozi isomwe mara kwa mara katika sala, kama mtu asomavyo barua ya mpenzi wake aliye mbali. Shabaha hushikwa kwa mikono. Njozi hushikwa kwa magoti. Mmoja akiacha kupiga magoti, mikono yake itaendelea kwa muda, kisha italegea.

Basi tunawaomba neno moja kabla hamjaondoka. Kila mjumbe apewe karatasi, na juu yake aandike mistari mitano tu. Wa kwanza: ni kitu gani kimoja tutakachofanya. Wa pili: kitamalizika siku gani. Wa tatu: nani atakisimamia, kwa jina lake. Wa nne: kitatugharimu nini, kwa fedha, kwa jasho na kwa muda. Wa tano: tukimaliza hicho, nani atapata faida mara moja. Karatasi hiyo isipelekwe kwa Baba Askofu kwanza, maana kwa Baba Askofu ziko karatasi nyingi. Isomwe kanisani kwenu Jumapili ijayo, mbele ya watu wanaowajua, kisha iwekwe pamoja na daftari la ubatizo. Na Sikukuu ya Mavuno ikifika, isomwe tena, hata kama kazi haikutimia. Hasa kama haikutimia. Watu husamehe kazi iliyochelewa ikiwa wameelezwa, hawasamehi kimya.

Wala msiandike mambo saba. Mshika mbili moja humponyoka, na mshika saba hurudi mikono mitupu. Andikeni moja.

Na ninyi wazee, mlio na miaka mingi, msiseme kwamba hayo ni ya vijana. Steere hakuiona Biblia nzima, lakini yeye ndiye aliyeanza. Mwaweza kuanza jambo ambalo hamtaliona mwisho wake, mradi mkate kipande chenu vizuri, na kumwachia mwingine ukingo ulionyooka wa kuendeleza. Mwashi mwema huacha meno ukutani, ili mwashi ajaye aunganishe ukuta wake. Mzee na afanye hivyo na mjukuu wake, na padre na katekista wake, na mama na binti yake.

Jubilei nyingine itakuja. Wengi wetu tutakuwa tumelala makaburini, na watu ambao bado hawajazaliwa watasimama mahali hapa, watataja majina. Hawatauliza tulitamani nini, kwa kuwa matamanio hayaachi alama juu ya nchi. Watatazama kama misingi ya siku zetu ina kuta.

Bwana aliyempa Nehemia machozi, akampa na hesabu, atupe na sisi vyote viwili. Aibariki kazi ya mikono yetu, aisimamishe, na iliyopinda ainyoshe. Kwake yeye utukufu, katika Kanisa na katika Kristo Yesu, sasa na hata milele. Amina.